Mama mdogo bado anakaanga samaki Kigongo, magari yanapita juu darajani. Sheria ya kwanza ya Newton inawahusu na binadamu?

#1 Kinda la Usagara

Wakuu, habari za jioni.

Nina mama yangu mdogo, karibu miaka 20 anakaanga samaki Kigongo, pale kivukoni Ziwa Victoria. Waliopita sana njia ya Sengerema na Geita wanajua ilivyokuwa. Basi linafika, abiria mnashushwa, gari linaingia kwenye kivuko peke yake, nyie mnasubiri kwa miguu na jua la saa saba. Mtoto analia njaa. Hapo ndipo mama mdogo anatokea na sinia kichwani, sato wamepangwa vichwa upande mmoja, wamechanjwa ubavuni, limao na chumvi pembeni, pilipili iko kwenye kopo la majarini. Siku nzuri alikuwa anamaliza masinia manne.

Juni 2025 daraja likafunguliwa. Kilomita 3 hivi juu ya ghuba, dereva hata gia habadilishi. Basi lililokuwa linakaa Kigongo saa nzima sasa linapita juu, abiria wanapiga picha ziwa dirishani, wanakula biskuti walizonunua Nyegezi.

Cha ajabu, mama mdogo bado anaenda. Kila siku saa 11 alfajiri anatoka Usagara na ndoo yake, anafika Kigongo, anawasha kuni, anakaanga. Masinia manne yamekuwa moja, na hilo moja siku nyingine linarudi nusu. Nikimwambia mama, hamia kwingine, ananijibu "nitaangalia". Miezi inakatika.

Nikakumbuka fizikia ya sekondari. Newton, 1687: kitu kilichotulia kitaendelea kutulia, na kinachokwenda kitaendelea kwenda vilevile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani ya nje, yaani msukumo au mvuto, ikiguse. Ticha wetu aliiita inesha, ile tabia ya kitu kukataa kubadilishwa mwendo.

Hoja yangu: jamii nzima inaendeshwa na sheria za fizikia, sema tu hatujazipigia hesabu. Mama mdogo ana inesha. Nani anapinga?

#2 Jiwe Juu ya Jiwe

Nimekaa siti ya dirishani. Anayepita na karanga anipe za mia tano.

#3 Konda Mstaafu

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Mimi njia hiyo nimeilia chumvi, Mwanza–Sengerema miaka 9, nimening'inia mlangoni mpaka kiganja kikaota sugu. Hao kina mama wa Kigongo ndio waliotulea. Asubuhi huna hela unakula kwanza, ukirudi jioni na hesabu unalipa.

Ila umekosea sheria. Hapo hakuna inesha, hapo kuna msuguano. Gari likishuka mlima dereva akakanyaga breki muda mrefu, breki zinapata moto mpaka zinanuka. Umeme gani umepasha? Hakuna, ni kusuguana tu. Sasa safari ya Sengerema ilikuwa inasuguana pale Kigongo: foleni, kivuko kimejaa, kivuko kimeharibika, upepo. Moto ule ndio uliokuwa unakaangia samaki wa mama yako mdogo. Daraja limeondoa msuguano, moto umezimika. Kila mnapoona foleni mjue kuna mtu anakula hapo. Simama Mabatini saa 12 jioni, hesabu wauza maji na wauza chaja za simu.

#4 Ticha Chaki

Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, mkoa wa Mwanza, shule siitaji.

Konda amesema vizuri kuliko wanafunzi wangu. Mleta uzi nakupa 3 kati ya 10. Sikiliza. Kitu chenye inesha hakitumii nishati ili kiendelee kilivyo. Jiwe limekaa pale Igogo tangu enzi za mababu, halijawahi kununua kuni. Mama yako mdogo anaamka saa 11, analipa nauli, ananunua mafuta, anapuliza moto. Huyo anatumia nishati kila siku ili abaki palepale. Inesha ingekuwa ni yeye kulala.

Anafanana zaidi na mtu anayepiga kasia kinyume na upepo. Ukimtazama toka ufukweni mtumbwi hausogei, unasema ametulia. Kumbe kani mbili zinapingana na zimelingana.

#5 Jiwe Juu ya Jiwe

3 kati ya 10! Ticha huyu ndiye aliyenifelisha mimi, mwandiko naujua.

#6 Kinda la Usagara

Hahaha ticha nimekubali kupigwa. Ila sasa hiyo kani inayomsukuma mama mdogo kupiga kasia ni ipi? Maana kani ya kumrudisha nyumbani naiona: hakuna wateja. Ya kumpeleka siioni.

#7 Binti Sengerema

Wabeja kwa uzi. Mimi niko ng'ambo ya pili, naomba niongeze upande wetu maana watu wa Mwanza mnadhani daraja linaanzia kwenu na kuishia kwenu.

Nimesoma biashara chuo. Kuna Mmarekani anaitwa Reilly, mwaka 1931 alichukua wazo la graviti ya Newton akalipeleka sokoni. Alisema miji miwili inavuta wateja wa mji mdogo ulio katikati kwa kadiri ya ukubwa wa kila mji, na mvuto unapungua kwa mraba wa umbali. Sengerema tuko katikati ya Mwanza na Geita. Zamani mtu akitaka mabati au kitenge cha harusi, akifikiria kivuko tu anaghairi, ananunua kwa mama yangu, duka letu liko karibu na stendi. Sasa anapanda gari asubuhi, anaenda Makoroboi kule Mwanza, anachagua mpaka anachoka, anarudi kula mchana kwake. Mama amebaki na wateja wa sindano na uzi. Na wa kukopa.

Kwa hiyo usimlilie wa Kigongo peke yake. Daraja ni kama limesogeza jua karibu na sayari.

#8 Ticha Chaki

Dada, umbali wa kilomita haukubadilika. Uliobadilika ni muda. Newton ungemwekea masaa mahali pa mita angekurudishia daftari.

#9 Binti Sengerema

Ticha, mteja hana futi kamba. Mteja anapima umbali kwa masaa na nauli. Hapo ndipo mnaposhindwa nyie wa maabara.

#10 Bodaboda wa Buzuruga

Mimi naijua sheria ya tatu tu, na naiamini kuliko zote: kila tendo lina mrejesho ulio sawa na kinyume chake. Yaani malipo ni hapa hapa duniani. Ukimdhulumu mtu Jumatatu, Ijumaa unadhulumiwa kiasi kilekile. Nimeshaona mara nyingi.

#11 Ticha Chaki

Jamani. Hii sheria ya tatu inateswa makanisani, misikitini na kwenye semina za ujasiriamali. Haina Jumatatu na Ijumaa. Kani mbili hutokea kwa wakati mmoja, na kila moja inagusa kitu tofauti. Lori likigonga bodaboda, lori linaisukuma bodaboda na bodaboda inalisukuma lori kwa kani ileile, sawasawa kabisa. Ila lori lina tungamo kubwa, yaani maada nyingi, linatikisika kidogo. Bodaboda inakwenda mtaroni. Kani sawa, matokeo mbalimbali.

#12 Bodaboda wa Buzuruga

Ticha hapo umenigusa kidonda. Mwaka juzi nilikuwa kibarua sehemu fulani, sitaitaja. Nilimwambia msimamizi ukweli kuhusu saa za ziada. Alinijibu kwa maneno yaleyale niliyomwambia, sauti ileile, hata matusi yalilingana. Yeye alibaki kwenye kiti chake. Mimi niko Buzuruga nasubiri abiria na kofia mbili. Kumbe yote yale ilikuwa tungamo.

#13 Jiwe Juu ya Jiwe

Daah. Hii ningeipa 10 kati ya 10.

#14 Msomi Asiye na Ajira

Mjue kwamba mnachobishania hapa kina karibu miaka 200. Mbelgiji Quetelet, mtu wa nyota, alikuwa amezoea kupima mienendo ya angani. Akashuka duniani akaanza kupima watu: vizazi, vifo, uhalifu, hata vifua vya askari wa Uskoti zaidi ya 5,000. Mwaka 1835 akatoa kitabu, na kwenye jina lake dogo aliweka "fizikia ya jamii". Alichoona ni kwamba mtu mmoja hatabiriki, ila elfu kumi wanatabirika vizuri tu. Hujui nani ataoa mwakani, lakini idadi ya ndoa unaweza kuikisia karibu kabisa.

Kuna mwenzake Mfaransa, Comte, naye alikuwa analitumia jina hilohilo. Alipoona Mbelgiji amelichukua akakasirika, akatunga neno jipya: sosholojia. Yaani somo zima limezaliwa kwa ugomvi wa jina, kama wauza chipsi wawili wanaogombea bango.

Kwa mleta uzi: hoja yako ina kasoro moja. Umechukua mtu mmoja. Fizikia ya jamii haikuahidi chochote kuhusu mtu mmoja. Tuletee wakaanga samaki 200 wa Kigongo, tuhesabu wangapi wamehama kila mwezi, hapo tutaongea.

#15 Kinda la Usagara

Mkuu 200 hawajawahi kufika hata siku ya gulio. Ila nikikumbuka waliokuwa mstari ule wa mama mdogo, wengi wameondoka. Mmoja yuko Usagara njia panda, mwingine amerudi Misungwi kulima. Wamebaki kama sita.

#16 Mama wa Mwaloni

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mbalamwezi inawaka, dagaa hawafuati taa, mzigo hakuna, ndiyo maana nina muda wa kusoma mambo yenu.

Nimesoma posti zote 15. Newton yupo, Mbelgiji yupo, lori lipo. Kuna hata mmoja amemuuliza huyo mama?

Mwanangu mleta uzi, ngoja nikwambie mambo yasiyoandikwa kwenye daftari. Mwanamke akishakaa sehemu miaka 20 pale ndipo kilipo kikoba chake. Marejesho ni kila Jumamosi, na wanaomdhamini ni hao sita waliobaki. Akihamia Usagara, kule anaingia mgeni, anakaa mwisho wa mstari juani, hakuna wa kumkopesha mafuta lita moja mpaka jioni. Mvuvi wa Kigongo anamjua, anampa samaki kwa mali kauli, anamlipa akishauza. Mvuvi wa kwingine atataka taslimu. Na kama amegusa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ndiyo kabisa, hapo hawezi kukosa kuonekana hata siku moja. Ukikosekana kibandani asubuhi, saa nne wako mlangoni kwako wanatazama runinga.

Hiyo kani unayoitafuta, ng'wanawane, ina kitabu cha marejesho chenye picha ya pasipoti.

#17 Jiwe Juu ya Jiwe

Uzi ufungwe. Mama amemaliza.

#18 Msomi Asiye na Ajira

Haujaisha. Mama amesema kitu cha kifizikia bila kukitaja. Molekuli za maji zinashikana. Ukiweka tone juu ya jani la gimbi halitawanyiki, linajikunja kuwa duara. Wale sita ni tone.

#19 Mama wa Mwaloni

Haya baba. Tone.

#20 Mhasibu Mkimya

Sichangii mara nyingi. Huyo Newton mnayemtaja, mwaka 1720 alinunua hisa za kampuni ya Bahari ya Kusini kule London. Mwanzoni alipata faida, akauza, akatulia. Bei ikazidi kupanda, akaona wenzake wanatajirika, akarudi kununua tena kwa bei ya juu. Zikaporomoka akapoteza fedha nyingi sana. Mtu aliyepiga hesabu ya mwezi na kupwa na kujaa kwa maji alishindwa kupiga hesabu ya majirani zake, na mbaya zaidi, yake mwenyewe.

Sayari haisomi hesabu iliyopigiwa. Wewe ukitangaza leo kwamba kesho mchele utapanda, watu wananunua leo, unapanda leo. Utabiri wako umeshaharibika. Hii ndiyo tofauti, na siioni ikitatuliwa na mfano wa breki.

#21 Konda Mstaafu

Mhasibu usiniguse breki zangu. Mifano inafanya kazi. Wajapani walifanya jaribio, wakachora barabara ya duara, mzunguko mita 230, wakaweka magari 22, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja, kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna trafiki, hakuna kivuko, hakuna ng'ombe. Baada ya muda foleni ikatokea yenyewe! Mmoja alikanyaga breki kidogo, wa nyuma yake akakanyaga zaidi kidogo, wa nyuma zaidi akasimama kabisa. Na ile foleni ikawa inarudi nyuma kama wimbi huku magari yanakwenda mbele. Ilitoka mwaka 2008, nina video yake kwenye simu, niliwaonyesha madereva wenzangu Nyegezi.

Hao madereva wana akili, wana wake, wana madeni kama asemavyo Mama wa Mwaloni. Wimbi halikuuliza.

#22 Jiwe Juu ya Jiwe

Wajapani wameingia gharama za bure. Wangekuja Mabatini wangeona bila tiketi.

#23 Ticha Chaki

Nakazia ya Konda. Kuna wengine mwaka 2000 walionyesha kwa kompyuta kwamba watu wakisukumana kutoka kwenye mlango mwembamba, kadiri kila mmoja anavyotaka kuwahi ndivyo wote wanavyochelewa. Wanajifunga kwenye upenyo kama mahindi yanavyokwama mdomoni mwa gunia. Asiyeamini apande basi Nyegezi siku mbili kabla ya Krismasi.

#24 Fundi Friji

Nyie mnahangaika na Waingereza na Wajapani wakati tuna fizikia yetu wenyewe. Erasto Mpemba! Mtoto wa sekondari Iringa aligundua kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Na hiyo inafanya kazi kwa binadamu. Mchumba anayeanza kwa moto sana, kila saa ujumbe, kila saa "umekula?", huyo ndiye anayeganda wa kwanza. Anayeanza baridi baridi mnazeeka naye.

#25 Ticha Chaki

Marekebisho. Alipoliona jambo hilo mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanatengeneza aisikrimu. Yeye aliogopa kukosa nafasi kwenye friji akaingiza maziwa yakiwa ya moto. Iringa alikwenda baadaye, Mkwawa, na huko ndipo alipomuuliza swali Dkt. Osborne aliyetoka chuo Dar es Salaam kuja kuwatembelea. Darasa likacheka. Osborne hakucheka, alirudi akaagiza lijaribiwe. Wakachapisha pamoja mwaka 1969.

Na mpaka leo wanasayansi wanabishana kwa nini inatokea, wengine wanabisha hata kama inatokea. Kwa hiyo kuhusu mchumba wako sina la kusema.

#26 Jiwe Juu ya Jiwe

Fundi ameachwa na mtu wa moto. Poleni familia.

#27 Fundi Friji

Haikuhusu.

#28 Mvuvi Nchi Kavu

Nimevua miaka mingi upande wa Kayenze, sasa nimeacha, nina kibanda cha nyavu. Hebu turudi kwenye mada kabla haijawa ya mapenzi.

Jibu la mleta uzi liko ndani ya ziwa. Sangara hakuwepo humu. Aliletwa miaka ya 1950, akatulia tulia, miaka ya 1980 akafumuka. Akala furu, wale samaki wadogo, mpaka aina nyingi zikapotea. Sasa swali: furu walipopungua, sangara walipungua siku hiyohiyo? Hapana. Walaji wanaendelea kuwa wengi muda fulani baada ya chakula kuisha. Wanakonda, wanaanza kulana wenyewe kwa wenyewe, ndipo wanapungua. Kuna mtaalamu wa samaki wa Italia, Volterra, aliipigia hesabu hii mwaka 1926.

Kwa hiyo mama yako mdogo ni sangara. Furu wake, yaani abiria, wamekwisha. Yeye yuko kwenye kile kipindi cha kuchelewa. Mpe muda.

#29 Msomi Asiye na Ajira

Volterra hakuwa mtu wa samaki. Alikuwa mtu wa hesabu na fizikia. Mtu wa samaki alikuwa mkwewe, D'Ancona, ambaye aliona kwenye takwimu za masoko ya Adriatiki kwamba wakati wa Vita ya Kwanza, uvuvi ulipopungua, samaki walaji waliongezeka kwa sehemu yao kwenye mzigo. Akamuuliza baba mkwe. Vingine viko sawa.

#30 Kinda la Usagara

Mvuvi nakuheshimu, lakini mama yangu usimwite sangara. Angalau ungesema sato.

#31 Mvuvi Nchi Kavu

Samahani mwanangu. Ila sato anakula mwani, mfano ungeharibika.

#32 Jiwe Juu ya Jiwe

Na sangara ana mabondo, bei yake unaijua wewe? Mama mdogo amepewa sifa hapo.

#33 Binti Sengerema

Hoja ya Mvuvi ya kuchelewa naikubali, ila haielezi kwa nini wengine walihama mapema na hawa sita hawakuhama. Njaa ni ileile.

#34 Ticha Chaki

Asali. Mmeshanunua asali ya Tabora ikakaa kabatini miezi ikiwa majimaji, halafu siku moja unafungua imekuwa chenga tupu? Sukari ilishazidi kiwango muda mrefu, ilitakiwa kuganda, lakini hakuna pa kuanzia. Ikipata punje moja, au vumbi kidogo, zinajipanga zote kuizunguka. Hao sita wanaweza kuwa wameshafika mahali pa kuhama tangu zamani. Wanasubiri punje. Akiondoka mmoja mwenye sauti, mtashangaa wiki moja pale pameota majani.

#35 Mhasibu Mkimya

Tumepita inesha, msuguano, kasia, graviti, tungamo, tone, wimbi, sangara na asali. Mfano unaoweza kueleza kuhama na kutohama kwa pamoja, nina wasiwasi nao.

#36 Mama wa Mwaloni

Mhasibu wewe ungekuwa mwanamke ungeuza dagaa vizuri.

Mleta uzi, umemuuliza?

#37 Kinda la Usagara

Bado mama. Jumapili nakwenda.

#38 Kinda la Usagara

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, nilikwenda Kigongo Jumapili kama nilivyoahidi, nikakaa naye kutwa.

Nilimsomea uzi wote, nikamtafsiria pale palipo pagumu. Alikuwa anaparua magamba kwa kisu kile kilicholika mpaka kimekuwa chembamba kama kalamu. Kwenye sangara alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kwenye asali alisema "huyo mwalimu ana akili". Kwenye kikoba alinyamaza, akasema "huyo wa Mwaloni ni nani?", basi.

Nikamuuliza, sasa mama, ni ipi? Kwanza alisema ukikaa nyumbani miguu inavimba. Baadaye akasema samaki pale ufukweni anawapata wabichi kabla dalali hajawagusa, na siku hizi nusu ya sinia anampa kijana wa bodaboda apeleke Usagara njia panda, jambo ambalo mimi sikulijua kabisa na nimekaa hapa wiki nzima nawaambia anapata hasara. Mchana akasema lingine, kwamba hawa wenzake watano (walikuwa sita, mmoja amekwenda kwa binti yake Geita) mmoja ni mgonjwa, haoni vizuri, akiachwa peke yake atajiunguza na mafuta.

Na jioni wakati tunafunga akanionyesha juu darajani. Akasema ana mtu anamdai. Konda wa basi la Sengerema, alikuwa anakula sato kila asubuhi "nitalipa nikirudi", deni likafika 14,000, halafu daraja likafunguliwa na basi likapita juu. Anasema yule kijana hakuwa mwizi, alikuwa mcheshi, ipo siku atashuka.

#39 Jiwe Juu ya Jiwe

Ngoja kwanza. Posti namba 3, nanukuu: "Asubuhi huna hela unakula kwanza, ukirudi jioni na hesabu unalipa."

KONDA MSTAAFU UKO WAPI.

#40 Bodaboda wa Buzuruga

Hahahaha mwite kwa herufi kubwa zaidi. Malipo ni hapa hapa duniani, ticha ulinibishia nini?

#41 Ticha Chaki

Nimenyamaza.

#42 Binti Sengerema

Ameonekana mtandaoni dakika 5 zilizopita. Anasoma.

#43 Mama wa Mwaloni

Mwacheni apumue.

#44 Konda Mstaafu

Makonda wa njia ile walikuwa wengi.

Kinda, mama mdogo ana kidole gumba cha kushoto kina kovu la mafuta? Na alikuwa anavaa kofia ya sweta hata juani?

#45 Kinda la Usagara

Ndiyo.

#46 Konda Mstaafu

Ni 11,500, si 14,000. Siku ile ya mvua alinipa mkia tu. Nitumie namba yake pembeni.

#47 Jiwe Juu ya Jiwe

Ticha, hiyo 2,500 iliyopotea njiani ni msuguano?